Mwavuli wa Watu wa Milimani

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Zaburi 137:4: "Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?"

Glasgow, huko Uskoti, kuna daraja pana la reli juu ya mtaa wa Argyle. Wenyeji wamelibatiza "mwavuli wa watu wa milimani". Watu wa milima na visiwa vya kaskazini-magharibi walikuja mjini kutafuta kazi, wengi wakitoka kwenye koo zilizotolewa mashambani ili kondoo wapate malisho. Jioni walikutana chini ya daraja hilo, mvua ikinyesha pande zote mbili, wakaongea Kigaeli chao.

Mjini humo, mwaka 1907, ikaanzishwa kwaya ya Glasgow Gaelic Musical Association, ambayo mpaka leo inaimba. Mashindano ya uimbaji wa Kigaeli, yaitwayo Mòd, yalikuwepo tayari: Mòd ya kwanza ilifanyika katika mji wa Oban, hukohuko Uskoti, mwaka 1892. Kwaya za Kigaeli zilikua kwa nota za do-re-mi, zilezile tunazozijua sisi wanakwaya. Na kwenye Mòd kuna waamuzi wa muziki, halafu kuna mwamuzi wa lugha peke yake. Mkipatanisha sauti nne kama malaika lakini mkaboronga matamshi, alama zinakwenda.

Hapo ndipo penye jasho, maana waimbaji wengi siku hizi Kigaeli si lugha yao ya nyumbani. Wanafundishwa neno kwa neno: anayejua anatamka, wengine wanafuatisha. Kuna sauti ya gh, ile ya "ghali", inayowasumbua kweli. (Sisi tungeipata bure!)

Nikiisoma tena Zaburi 137, naona swali lile halijibiwi. Mateka wa Babeli wametundika vinubi mitini, wanauliza, basi. Lakini tumelipokeaje swali lao, kama si kwa kuwa waliliimba? Tena yeyote aliyejifunza zaburi hiyo baadaye, akiwa hajawahi kuiona Sayuni, aliipokea kinywani mwa mwingine. Mgeni alifundishwa majonzi ya mwenyeji, silabi kwa silabi, mpaka yakawa yake.

Kwaya yetu ina wimbo mmoja wa Kinyakyusa, na wanaoijua lugha hiyo hawafiki watano. Jumatano iliyopita mama mmoja wa sauti ya pili alitusimamisha mara tatu kwa neno lilelile. Vijana wakaanza kuguna. Mimi pia, nakiri, nilitazama saa. Akasema, "Wanangu, huu tulimwimbia mama yangu siku ya kumzika. Litamkeni vizuri." Akalisema tena, taratibu, akitupigia silabi kwa kidole kwenye mgongo wa benchi.

Tukaanza upya. Safari hii hakutusimamisha. Alikuwa amefumba macho.