Jiko la kuni la kupasha nyumba joto: moshi umekubali kwenda dohanini

Limefanya kazi! Mdomo wa kuni unavuta hewa kwa ile ngurumo tunayoitafuta sote, tangu moto unapowaka hadi makaa ya mwisho, na hakuna hata uzi mmoja wa moshi unaorudi chumbani. Naandika sasa hivi wakati vipimo bado viko kichwani, maana tatizo hili limenisumbua kuliko kazi nyingine zote za mradi huu.

Kwa ufupi: ni jiko la umbo la J, mfumo wa sentimita 15, yaani mnara na bomba vina kipenyo hicho. Kuni husimama kwenye mdomo, moto hulala ukipita handakini, kisha hupanda mnara. Mdomo na handaki ni sentimita 13 kwa 13.5, kwa matofali ya kuhimili moto. Mnara una sentimita 120, umefunikwa na pipa la lita 200, na chini ya pipa linatoka bomba linalopita ndani ya baraza la udongo na mawe, la kukalia na kuhifadhi joto, kisha linapanda dohani. Uwiano wa urefu wa mdomo, handaki na mnara ni 1:2:4 kama kawaida.

Sasa tatizo. Moto ulikuwa unashika vizuri kabisa. Vijiti vyembamba, mvuto safi, kila kitu kinaelekea kinakotakiwa. Halafu moto ukishachangamka, pale ambapo jiko lilipaswa kufurahisha, ndipo moshi ulipoanza kugeuka na miali kupanda kuni kuelekea juu. Ukipunguza kuni linatulia. Ukiongeza, macho yanawaka.

Kila unayemuuliza anakujibu jambo moja: ongeza dohani. Niliongeza. Ushauri mwingine ni kuni kavu; za kwangu zilikuwa chini ya asilimia 20 ya unyevu, na nilipima kwenye uso uliopasuliwa muda huohuo, si kwenye ganda, kwa sababu ganda husema uongo. Niliinua pipa pia, nafasi ya juu ya mnara ikatoka sentimita 5 hadi 7. Hakuna kilichobadilika, na hesabu ilikuwa imeshaniambia hakitabadilika: mzingo wa mnara ni sentimita 47, ukizidisha kwa 5 unapata sentimita za mraba 235, wakati bomba zima lina 177 tu. Juu hapakuwa na msongamano.

Kinachoniudhi katika ushauri wa dohani ni kwamba haumuulizi mtu swali la kwanza: moshi unarudi lini? Ukirudi mwanzoni, dohani ni baridi na inahitaji kupashwa moto kidogo. Ukirudi moto unapopamba, gesi, yaani hewa ya moto na moshi wake, imekuwa nyingi kuliko njia yake, na kuna koo limebana mahali fulani. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa na dawa zake hazifanani.

Basi nikaanza kulitenganisha jiko kipande kwa kipande. Kwanza nikalikata baraza, nikaunganisha bomba fupi moja kwa moja kutoka kwenye pipa hadi dohani. Moshi ukarudi vilevile, kwa hiyo baraza halikuwa na hatia. Kisha nikaondoa pipa lenyewe, nikawasha moto mdogo milango na madirisha yakiwa wazi na king'ora cha kaboni monoksidi kikiwa ukutani. Mnara ukavuta kwa nguvu ya ajabu. Mtuhumiwa akabaki mmoja: sehemu ya chini ya pipa, pale gesi inapoacha kushuka na kugeuka kuingia kwenye bomba.

Nilichukua tochi na rula nikalala sakafuni. Koti la udongo na perlaiti (punje nyepesi za kuzuia joto) linalozunguka mnara lilikuwa sentimita 4 tu kutoka kwenye mdomo wa bomba. Mahesabu ya haraka: mzingo wa bomba mara 4 ni kama 188, kwa hiyo kwenye karatasi panatosha. Lakini bomba limelala sakafuni, maana yake nusu ya chini ya mzingo ule haipitishi kitu. Inabaki kama nusu, na hiyo nusu ndiyo gesi inapaswa kuipenya huku ikipiga kona kali. Na majivu mepesi yanayoshuka kutoka juu ya mnara hutua palepale, rundo laini la rangi ya kijivu limejipanga mbele ya bomba utadhani limewekwa kwa mkono.

Kwa hiyo eneo la bomba si eneo la njia. Michoro mingi huonyesha bomba la duara likiingia ubavuni mwa pipa, vipenyo vinalingana, na macho yanaridhika. Gesi haisomi kipenyo, inapita kwenye uwazi uliobaki.

Dawa: nimekata tundu la mstatili ubavuni mwa pipa, upana sentimita 20 na kimo 30, nikatengeneza sanduku la bati nene linalosinyaa taratibu hadi kuwa duara la 15. Uwazi umekuwa zaidi ya mara tatu ya bomba. Chini ya sanduku nimeweka kilango cha kutolea majivu. Nilipowasha, nilipitisha kijiti cha udi kwenye kila kiungo; pale moshi wake uliponyonywa ndani niliongeza udongo, pale uliposimama wima nilipita.

Kuhusu vifaa, nina maneno mawili. Grainda yenye diski nyembamba ya milimita 1 hukata pipa safi na haraka, zile nene zinapasha chuma na kukipinda. Kipimajoto cha infraredi ni kizuri mno, ila kikielekezwa kwenye bomba linalong'aa kinatoa namba ya chini kuliko ukweli. Paka doa la rangi nyeusi inayohimili joto, pima hapo. Juu ya pipa sasa napata nyuzi 380 hadi 400, na mwanzoni mwa dohani takribani 75. Hilo joto lote la katikati limebaki ndani ya nyumba. Na tafadhali, msiweke bomba la chuma ndani ya mnara. Humo ndani joto hupita nyuzi 900, na chuma kinaliwa hadi kinabomoka kama maganda.

Kazi iliyokuwa inafuata ni kupiga baraza lipu ya udongo laini na chokaa. Imesimama. Nimeanza kusoma vipimo vya Peter van den Berg, Mholanzi aliyebuni chumba cha moto kinachojazwa kuni mara moja na kufungwa mlango, na sasa siwezi kufikiria kitu kingine. Mnara wangu unafaa kama ulivyo. Unachukua asilimia 72.34 ya kipenyo chake, kwa sentimita 15 inakuwa 10.85, na kila kitu kinatokana na hapo: chumba upana 21.7, kimo 32.5, na mwanya wa kuingilia mnarani ni mwembamba wa 5.4 tu lakini una kimo cha karibu 24. Hakuna kukaa kitako kulilisha jiko kuni kila mara.

Nimeshapanga matofali makavu bila udongo, nikaona mwanya ule kwa macho. Ninachotaka kujua kabla ya kubomoa mdomo wa sasa ni uimara wa kingo zake, kwa sababu moto wote unajibana hapo na matofali mepesi, yale ya kuzuia joto, humomonyoka upesi. Aliyejenga kwa matofali mazito sehemu hiyo, na mepesi kwingine kote, aniambie yamedumu vipi.