Kutoka Haslemere hadi Milford kwa mbio: msitu, mashamba na nyika ya zambarau

Treni inayotoka London Waterloo kwenda Portsmouth hupita Milford kwanza, kisha Haslemere. Hapo ndipo nilipopata wazo la kupitiliza Milford nikiwa nimekaa kitini, nishuke Haslemere, halafu nirudi Milford nikikimbia. Ukizunguka kwa njia ya juu, stesheni hizo mbili za mkoa wa Surrey zimeachana kama kilomita 18, na katikati yake kuna msitu, mashamba na nyika. Nilikwenda katikati ya Agosti, hetha, kichaka kifupi chenye maua ya zambarau, ikiwa imechanua.

Kutoka Haslemere ni kupanda tu. Nilipanda kwa hatua fupi chini ya mialoni na misonobari mpaka Gibbet Hill, mita 272 juu ya usawa wa bahari. Kileleni kuna msalaba wa mawe uliosimamishwa mwaka 1851. Hapa ndipo walipotundikwa wanaume watatu mwaka 1787 kwa kosa la kumuua baharia aliyekuwa akitembea kwa miguu kuelekea Portsmouth, Septemba ya mwaka uliotangulia. Jina la baharia huyo halijathibitishwa hadi leo. Upepo ulikuwa mkali, jasho likaanza kunipoza, nikaendelea.

Chini ya kilima kuna bonde kubwa la mviringo liitwalo Devil's Punch Bowl. Limechimbwa na maji. Mvua huzama kwenye jiwe la mchanga hadi ikutane na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, kisha hutokeza pembeni kama chemchemi, na chemchemi hizo hula miguu ya mteremko mpaka uporomoke. Kazi hiyo imechukua maelfu ya miaka.

Lakini kilichonigusa zaidi kipo ukingoni mwa bonde. Zamani barabara kuu ya A3 ilipita hapo hapo, na foleni za magari kwenye taa za barabarani za kijiji cha Hindhead zilikuwa mashuhuri. Mwaka 2011 lilifunguliwa handaki lenye urefu wa karibu kilomita 1.8 kupita chini ya kilima, na barabara ya juu ikafungwa, ikarudishiwa udongo na mimea. Nilikimbia juu ya mkondo wake. Ukitazama vizuri bado unauona: ni mpana mno kwa njia ya miguu, na kona zake ni za kistaarabu kupita kiasi, kona zilizopimwa kwa ajili ya magurudumu. Leo pana nyasi, hetha changa na nyuki. Nilikuwa nasikia pumzi zangu mwenyewe mahali ambapo zamani watu wawili wangelazimika kupigiana kelele ili wasikilizane. Sijui mkimbiaji aombe zawadi gani kubwa kuliko hiyo.

Nikashuka bondeni, upande wa Highcombe. Huko ni kivuli, makangaga yanayofika kifuani na mizizi inayotega kidole gumba. Baada ya hapo njia inaingia kwenye mfereji wa ajabu: miguu, kwato na magurudumu ya karne nyingi vimeikata ardhi laini mpaka njia ikazama kuliko kimo cha mtu. Kuta zake ni jiwe la mchanga lenye rangi ya tangawizi, na mizizi ya miti inaning'inia hewani kwa kuwa udongo uliokuwa umeishikilia umekwisha kwenda. Nilipitisha kiganja ukutani, mchanga ukabaki vidoleni.

Kisha mashamba. Uingereza ina utaratibu ninaouheshimu sana: njia ya umma ya miguu inaweza kukatiza katikati ya shamba la mtu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga. Akilima, ana siku 14 za kuirudisha ionekane ardhini, na upana wake shambani usipungue mita moja. Mshale wa manjano kwenye nguzo maana yake ni njia ya waendao kwa miguu. Wa buluu unaruhusu farasi na baiskeli pia. Nami nina wajibu wangu: geti nililolikuta limefungwa nalifunga tena, na penye ng'ombe wenye ndama naacha kukimbia, natembea, nikiwazunguka kwa mbali. Ng'ombe mwenye ndama hataki kuona mtu anayemjia mbio.

Kijijini Thursley nilipita makaburini kwa kanisa. Yule baharia wa Gibbet Hill amezikwa hapo, na jiwe lake bado limesimama.

Hatimaye Thursley Common, nyika yenyewe. Hetha haifiki hata goti, lakini ikichanua inatandaza zambarau mpaka macho yanapoishia, na hapa na pale vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano. Wengi hudhani pori hili lilijiotea. Hapana. Watu walikata miti, mifugo ikala machipukizi, na hetha ikapata jua. Mkono wa binadamu ukiondoka, miti kama mibetula na misonobari huingia, na baada ya miongo michache unakuta msitu. Tangu mwaka 1800 Uingereza imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya nyika zake za nyanda za chini. Kwa hiyo nilipoona visiki vibichi vya misonobari sikusikitika hata kidogo.

Mchanga hapa ni mlegevu na unakula nguvu za miguu. Kishawishi ni kukimbilia pembeni kwenye mimea, lakini usifanye hivyo. Mijusi wa mchanga hutaga mayai kwenye mchanga ulio wazi juani, kipiri, nyoka mwenye sumu, hujianika kando ya njia, na kirukanjia, ndege wa usiku anayekuja kutoka Afrika kila Mei, hulala na kutotoa chini kabisa, bila kiota, akitegemea rangi yake ya majani makavu. Ndiyo maana kuanzia Machi 1 hadi Julai 31 mbwa lazima wafungwe kamba kwenye ardhi ya aina hii.

Kinamasi cha katikati unakivuka kwa njia iliyoinuliwa juu ya maji. Moto wa Mei 2020 uliteketeza sehemu kubwa ya nyika hii pamoja na njia hiyo, ikajengwa upya. Nilitembea hapo, kwa kuwa kereng'ende walikuwa wengi kiasi kwamba kukimbia kungekuwa ni kuwadharau.

Kutoka bwawa la Moat hadi stesheni ya Milford kumebaki kipande chepesi cha miti na barabara ndogo. Ukifika, kabla ya kupanda treni, kagua nyuma ya magoti na kwenye soksi: kupe wa nyika hizi wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria, na wengine ni wadogo kuliko mbegu ya ufuta.