Mbio za Ahimaasi

Somo: 2 Samweli 18:19–33

Wapendwa, Absalomu alipouawa katika msitu wa Efraimu, kijana Ahimaasi alitaka jambo moja tu: akimbie yeye kumpasha mfalme habari. Yoabu, jemadari wa jeshi la mfalme, akamzuia, kwa kuwa aliyekufa ni mwana wa mfalme. Ahimaasi akang'ang'ania, akapita njia ya bondeni, akamtangulia Mkushi, mtu wa Kushi ambaye Yoabu alikuwa amemtuma. Mfalme Daudi akauliza, je, kijana Absalomu yu salama? Ahimaasi akababaika: niliona kishindo kikubwa, sikujua ni nini. Alijua. Mbio zote zile, na neno lenyewe likamshinda.

Siku hizi mbio hizo tunazikimbia kwa kidole. Mtu amekata roho, mwili haujafika mochwari, na picha yake iko tayari WhatsApp na Facebook: "Pumzika kwa amani." Mama yake mzazi yuko gengeni anapanga nyanya, ujumbe unaingia: "Pole sana mama kwa msiba." Msiba upi? Anajua hivyo, amesimama, hana wa kumshika. Kwenye ajali za barabarani ni vibaya zaidi. Wapo wanaopiga picha za miili kabla ya kuita msaada, na ndugu akaja kulitambua shati la mtu wake kwenye kundi la simu. Huo ni ukatili, hata tukiandika "Poleni wafiwa" chini yake.

Wazee wetu walimtuma mtu mzima, naye hakumwaga yote njiani: "Mgonjwa amezidiwa, twende nyumbani." Mfiwa alifikishwa kwa ndugu, akakalishwa, ndipo akaambiwa.

Sisemi simu ni dhambi. Mwaka 2020, Kenya ilipoweka kikomo cha watu 15 mazishini kwa sababu ya korona, wengi waliaga wapendwa wao kupitia simu. Makundi ya michango husafirisha maiti na kulisha waombolezaji. Namshukuru Mungu kwa hayo.

Basi msiba ukitokea wiki hii, uliza kwanza: wa nyumbani wameambiwa? Nani amekwenda kwao? Kama hakuna, nenda wewe, au mpigie mzee wa kanisa aliye karibu. Picha isubiri mpaka familia itangaze yenyewe.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyelia kwa ajili ya Lazaro, wafariji wote waliokutana na kifo cha mpendwa wao kwenye simu, wakiwa peke yao. Wapelekee watu wa kuketi nao. Amina.