Ninavyochagua teknolojia ya kujifunza kama mtengeneza tovuti wa kujitegemea

Kabla ya kufungua somo lolote, mimi huangalia tovuti ya mteja itakaa wapi. Wateja wangu wengi ni wenye maduka, shule na nyumba za wageni, na tayari wamelipia hosti ya pamoja (seva moja inayobeba tovuti za wateja wengi) yenye cPanel, paneli ya kuisimamia. Humo lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL zipo tangu siku ya kwanza. Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, ama haipo, ama imebanwa memori kiasi kwamba npm install, amri ya kusakinisha vifurushi vyake, inakatika katikati. Kwa hiyo Laravel, fremuweki (kiunzi cha kujengea tovuti) ya PHP, niliitanguliza; Next.js, inayotegemea Node.js, ikasubiri wateja wenye seva zao.

Kisha ratiba ya matunzo, yaani waundaji wataendelea kuirekebisha hadi lini. Kati ya fremuweki za JavaScript, matunzo ya AngularJS yalifungwa mwisho wa Desemba 2021, ya Vue 2 mwisho wa Desemba 2023, na kuhamisha tovuti iliyokwisha lipiwa ni kazi ambayo mteja haoni kwa nini ailipie tena. Laravel hurekebisha usalama wa kila toleo kuu kwa miaka 2. Matoleo ya Node.js ya matunzo marefu (LTS) hutunzwa miezi 30. Tarehe hizo naziandika kwenye mkataba, pamoja na bei ya kupandisha toleo. Nyota ambazo watu huupa mradi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, sizihesabu. Natazama toleo la mwisho lilitoka lini, na hitilafu zilizoripotiwa zinajibiwa au zinaozea pale.

Ikipita hapo, naijaribu kwa kujenga kitu kimoja tu: ukurasa wa malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha tovuti na M-Pesa, kwenye mazingira yake ya majaribio. Ni kazi ndogo lakini inagusa kila kiungo. Tokeni ya kuingilia (msimbo wa muda unaoitambulisha tovuti yako kwa Daraja) huishi sekunde 3,600, kwa hiyo lazima teknolojia iwe na njia rahisi ya kuihifadhi badala ya kuiomba upya kila mara. Nywila ya ombi la malipo ni namba ya biashara, passkey (ufunguo wa siri unaopewa na Safaricom) na tarehe na saa kwa tarakimu 14, vikiunganishwa kisha kugeuzwa base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu. Muda huohuo ndio unaotumwa ndani ya ombi, ukitofautiana ombi linakataliwa. Namba ya simu huanza na 254, bila alama ya kujumlisha.

Majibu ya malipo hurudi kwenye anwani yako ya HTTPS inayofikika kutoka nje. Localhost, yaani anwani ya ndani ya kompyuta yako, haifai, ndipo natumia ngrok, zana inayoipa anwani ya nje. Kwenye Laravel, ukiiweka anwani hiyo kwenye njia za kawaida za wavuti, kinga ya CSRF (inayozuia maombi ya kughushi kutoka tovuti nyingine) italitupa jibu kwa kosa 419 nawe utadhani Safaricom haijatuma kitu; ihamishie kwenye njia za API, zilizotengewa mifumo kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Wengi pia hudanganyika na ResponseCode 0, namba ya jibu la papo hapo: hiyo inasema ombi limepokelewa tu. Pesa imelipwa pale ResultCode ya jibu la pili, lile linalorudi kwenye anwani yako, inapokuwa 0. 1032 ni mteja ameghairi, 1037 ni simu haikupatikana au hakujibu. CheckoutRequestID, namba ya utambulisho wa ombi, naiweka kwenye hifadhidata kama safu isiyoruhusu kurudiwa, ili jibu likija mara mbili oda isiandikwe mara mbili.

Fremuweki inayonifanya nipigane nayo kwenye haya, naiacha, hata iwe inasifiwa namna gani.

Upande wa kivinjari sina mashaka mengi. CSS Grid, njia ya kupanga ukurasa kwa safu na mistari, iliingia Chrome, Firefox na Safari mwezi Machi 2017 na bado inafanya kazi ileile bila kupandishwa toleo, kwa hiyo kilichomo ndani ya kivinjari chenyewe nakijifunza bila kusita. React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, naitumia pale kazi inapoidai. Kurasa za duka nazipima kwa kasi ya 3G kwenye zana za Chrome, halafu kwenye simu ya Android ya bei ya chini, maana ndiyo aliyoshika mnunuzi.

Kazi ya kwanza ya teknolojia mpya naifanyia tovuti ndogo isiyopokea pesa. Saa za kujifunza haziingii kwenye ankara.