Daftarini niliandikwa msafiri

Sikugombana na mtu kanisani. Natanguliza hilo kwa sababu nikisema niliacha kwenda, watu husogeza kiti karibu wakisubiri kisa cha mchungaji na fedha, au cha mchungaji na binti wa kwaya. Hakuna kisa. Nilibatizwa na kupata kipaimara Marangu, nikaimba alto tangu nikiwa msichana, na wale niliosimama nao kwaya mpaka leo tukikutana sokoni tunakumbatiana.

Kilichotokea ni kidogo tu. Jumapili tukifika kwenye kukiri imani, nilianza kunyamaza kwenye baadhi ya mistari. Mwanzoni mmoja, baadaye miwili, mwishowe nikawa nasimama katikati ya watu mdomo umefungwa, nasubiri "Amina" niungane nao. Nyimbo niliimba zote. Kusali nilisali. Ila kutamka kwa sauti jambo ambalo moyoni sinalo kulinichosha kuliko kazi ya wiki nzima. Nikaacha kwenda, taratibu, bila barua wala tangazo.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuja nyumbani, mzee mmoja mpole, mstaafu, na daftari lake la mahudhurio kwapani.

"Mama Neema, tumekukosa. Kuna mtu kakukwaza?"

"Shikamoo, baba. Hakuna."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Basi umehamia kwa hawa wa maji na mafuta."

"Sijahamia popote, baba. Nasali hapahapa nyumbani."

"Peke yako?"

Daftari lile lina alama ya mgonjwa, ya msafiri na ya aliyehama. Alipekua kurasa kidogo, akaandika msafiri, akamaliza chai yake, akaniombea, akaaga.

Simlaumu, hata serikali haijui pa kuniweka. Sensa yetu haijauliza dini tangu ile ya 1967, na kwa maoni yangu ni busara, lakini ukienda polisi kutoa maelezo utaulizwa, na hospitali nyingi wakikufungulia faili watakuuliza. Kenya waliuliza katika sensa ya 2019, watu 755,750 wakahesabiwa hawana dini. Humo wamo wasioamini Mungu hata kidogo, na sina shaka wamo wa aina yangu, ambao kila siku wanapiga magoti. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inanipa uhuru wa imani na wa kuibadilisha. Haikunipa ratiba.

Na ratiba ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Kutoamini mstari fulani ni kazi ya dakika moja. Lakini kanisa lilikuwa likiniamsha, likinipangia nyimbo, likinikumbusha kutoa, likinipeleka kwa wagonjwa, na lilikuwa limeahidi kunizika. Hayo yote nilipaswa kuyafanya kwa mkono wangu, la sivyo ningebaki mtu anayelala mpaka saa nne Jumapili na kuita hiyo imani.

Nilianza na asubuhi. Nyumba yetu Mbezi iko karibu na msikiti, hivyo adhana ya alfajiri ndiyo kengele yangu. Mwadhini hajui kwamba ananiamsha na mimi. Natoka kibaraza cha nyuma, nakaa kwenye kigoda, miguu peku kwenye sementi iliyopoa. Nataja majina ya watu kwa sauti ndogo. Mama yangu. Wanangu mmoja mmoja. Binti anayeuza vitumbua kituoni ambaye kikohozi hakimwachi. Kisha waliotangulia, kuanzia kwa bibi. Siombi wapewe hiki wala kile. Namtaja mtu, namwona usoni, nakaa naye kidogo, nahamia kwa mwingine. Ulimi ukiwa mzito kwa jina fulani, najua hapo pana neno baina yetu, na kabla jua halijazama nampigia simu. Kwetu Kilimanjaro aliyekosa alipeleka jani la isale, mmea wetu wa kuombea msamaha, lililofungwa fundo, na aliyekosewa hakuwa na nafasi ya kukataa msamaha. Ninalo shina moja la isale kwenye ndoo iliyotoboka, pale uani. Jani lake sijawahi kulituma, maana hapa mjini majirani wengi wangedhani nawaroga, lakini asubuhi tunatazamana.

Nikisimulia haya, hakosekani wa kuniambia kwamba basi nirudi kwa Ruwa, Mungu wa Wachaga kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Machame mwaka 1893. Nawaheshimu wanaofuata njia hiyo kwa kweli. Mimi nimezaliwa katika ukoo ambao hata babu yake babu yangu alikuwa na jina la ubatizo. Matambiko sikulelewa nayo. Kununua shanga mtandaoni na kujiita mrithi wa mababu kungenirudisha palepale pa kutamka nisichonacho. Nilichorithi ni kidogo na nakijua kilikotoka: bibi yangu, mke wa mzee wa kanisa, hakuingia mgombani asubuhi kabla ya kusimama na kutazama upande wa Kibo, kilele cha mlima wetu. Hakueleza kwa nini, nasi hatukumuuliza.

Kutoa nilikupanga kabla sijajikuta nimekula pesa. Meseji ya mshahara ikiingia, kabla ya luku ya umeme na kabla ya ada, sehemu ya kumi inahamia kwenye laini nyingine. Inalipia dawa za jirani, nauli ya mwanafunzi, bili ya wodi. Bahasha ya kanisa ilikuwa na mtunza hazina wa kuuliza. Yangu haikuwa na mtu, kwa hiyo nikampa wifi yangu kazi hiyo. Yeye ni mlokole hasa, na mwisho wa mwezi ananiuliza bila aibu imekwenda wapi. Hakuna askofu angenibana kama yule.

Mume wangu bado ni msharika, na watoto wanakwenda naye. Hilo tulizungumza mapema, na nawashauri walio katika ndoa wazungumze mapema. Kijana wetu alipofika darasa la kipaimara, mimi ndiye niliyekaa naye jioni na Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, nauliza, anajibu, akikwama namkumbusha. Aliniuliza kama naamini ninayomfundisha. Nikamwambia kuna amri humo ningempigania mtu yeyote anayetaka kuzifuta, na kuna maneno nimeyaweka pembeni, na yeye atachambua mwenyewe akikua. Akaridhika, au alitaka tu kwenda kucheza mpira.

Kuimba sijakupatia jawabu. Mtu wa soprano akiimba peke yake jikoni, wimbo unajulikana. Alto ukiiimba peke yako hakuna anayetambua wimbo gani. Inapanda nusu hatua, inashuka, inang'ang'ania noti moja kwa mstari mzima. Binti yangu aliwahi kunisikia akadhani nalalamika. Hilo ndilo ninalolikosa kwa uchungu, kuliko mahubiri yote.

Mama yangu mzazi alipokea habari zangu bila kulia, jambo lililonishangaza. Aliuliza moja tu: "Sawa, sali unapotaka. Utazikwa na nani?"

Asiyekulia Tanzania anaweza kuliona swali hilo la ajabu. Kwetu ndilo linalowarudisha wengi kundini uzeeni. Jibu nililipata mtaani, kwenye chama chetu cha kufa na kuzikana. Wamo Waislamu, Wakatoliki, Walutheri, Wasabato. Kuna mchango wa kila mwezi, maturubai, viti, masufuria makubwa, na orodha ya nani anabandika maji na nani anakaa na wafiwa. Nilijiunga, nikafanywa katibu. Usiku wa msiba tunamenya ndizi mpaka utomvu unagandisha vidole, mama mmoja anaanza dua, mwingine anaanza rozari, nami naitikia zote. Ibada nyingi nilizohudhuria maishani hazikuwa na uzito wa usiku ule.

Mama nimemwahidi kwamba yeye atazikwa kwa kengele na kwaya kamili, na nitaimba. Yangu nimeyaandika kwenye wosia, nikaupeleka RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia, kuhifadhiwa: nizikwe kwenye kihamba, shamba la urithi, cha ukoo wa mume wangu, jirani mmoja wa chama aseme neno, mzee wa ukoo aseme neno, nyimbo nne nilizozitaja ziimbwe kwa sauti zote.

Mume wangu alisoma rasimu akanyamaza, kisha akauliza, "Na mimi nikitaka mchungaji aje?"

Nikamwambia aje, ni msiba wake pia. Ila asizidishe nusu saa. Na hilo nikaliongeza kwenye wosia.