Tafakari ya Ijumaa: Sukari ya duka la mbali

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Wiki hii nimeirudia Suratu Aal Imran, aya ya 103, inayotuamrisha kushikamana na kamba ya Allah wala tusifarikiane. Mihadharani tunaisoma sana, lakini pale inapokumbusha kuwa watu walikuwa maadui, kisha Yeye akaziunga nyoyo zao, tunapita mbio. Nyoyo hizo ni za Aus na Khazraj, makabila mawili ya Madina. Wafasiri wamesimulia kuwa walikuwa wamekaa pamoja Madina, mazungumzo matamu, akatumwa kijana aketi kati yao awasomee mashairi ya Bu'ath, vita walivyopigana wenyewe kwa wenyewe kabla ya Uislamu. Upanga hakubeba. Aliwakumbusha tu nani alimuua nani, na muda si muda wakaitana kwenye silaha. Mtume (s.a.w.) akawatokea, akawauliza vipi wanaitana kwa wito wa kijahiliya naye yumo kati yao. Wakalia, wakakumbatiana.

Sisi wa Pemba kijana yule tunamjua. Kila miaka mitano, uchaguzi ukifika, huja kukaa barazani kwetu, akataja ghasia za uchaguzi za Juni 1961, akataja Mapinduzi ya Januari 1964, akamalizia na waandamanaji waliouawa Januari 2001. Tarehe zake ni za kweli na damu ni ya kweli. Kumwambia aliyefiwa na baba mwaka 2001 asahau ni kumdhulumu mara ya pili. Lakini kijana yule hakuja kumlilia maiti. Anatafuta maiti mwengine.

Tusijidanganye kuwa lugha moja na kibla kimoja vinatosha. Ndugu zetu wa Somalia lugha yao ni moja, dini moja, hata madhehebu ni ya Shafi kama sisi, na mwaka 1991 dola yao ilianguka, ukoo ukageukia ukoo.

Na kwetu? Nilikuwa skuli ya msingi katika miaka ya tisini, baada ya uchaguzi wa 1995. Duka lilikuwa nyumba ya pili kutoka kwetu, hata harufu ya mafuta ya taa yanapopimwa tukiisikia. Mama akinituma sukari au mafuta, napewa na onyo: usinunue hapo. Nikipita na chupa mkononi mbele ya mlango ule, mwenye duka, ambaye zamani akinipa peremende, akiinamia mizani yake ilhali hana wa kumpimia. Nikenda hadi duka la mbali, la "mwenzetu" wa chama. Baba alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Na ni baba huyo huyo aliyekataa kwenda kumzika mama wa mwenye duka. Nasema kwa uchungu, maana nampenda: lile lilikuwa dhambi.

Nchi hupasuka hapo, ndugu zangu, kabla jeshi halijatoka kambini. Hati ya Muungano ya Aprili 1964 iliunganisha serikali mbili, lakini nyoyo hazitiwi saini. Katika Suratul Anfal, aya ya 63, Allah anamwambia Mtume wake kuwa hata angetoa vyote vilivyomo ardhini asingeweza kuziunga. Mtume huyo! Sasa mwanasiasa na fungu lake la maendeleo ataweza wapi?

Mimi nimeshuhudia zikiungwa. Novemba 5, 2009, Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif, walikutana Ikulu, na Julai 31, 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Baba hakuifikia kura ile. Alifariki miezi michache kabla, usiku, na alfajiri tulipofika makaburini tulikuta mtu keshaanza kuchimba. Ni mwenye duka. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevua kanzu, kaitundika kwenye mkorosho, udongo umemfika magotini. Wakati wa kuteremsha maiti nilitaka kushuka mimi, akaninyooshea mkono kutoka chini: "Niachie mimi, mwanangu. Huyu jirani yangu." Akampokea baba mikononi, akamlaza mwanandani kwa ubavu wake wa kulia, akamfungua vifundo vya sanda kimoja kimoja.