Sinia, karai na atomi baridi

Jana stima ilipotea saa moja jioni, mvua ikianza huku kwetu Umoja mnajua vile huwa, basi nikakaa jikoni na mathe tukichagua maharagwe kwa tochi ya simu. Yeye huyamwaga kwanza kwa sinia ndio mawe yaonekane, akimaliza anayarudisha kwa karai. Kwa sinia yanatawanyika kila upande, kwa karai yanateremka yote katikati yanabanana. Nikabaki na konzi ya maharagwe mkononi, maana wiki mbili nzima nimepigana na hesabu za projekti yangu ya fizikia na kilichonishinda ni hicho hicho.

Nilikuwa nimeingia kwa hii mambo nikidhani baridi ndio kila kitu. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman kule Boulder, Marekani, walipoza atomi za rubidiamu mpaka nanokelvini 170 hivi, yaani baridi iliyokaribia kabisa mwisho wa baridi yote, zikaacha kila moja na lake, zikawa wimbi moja, ile kondenseti Einstein aliitabiri akianzia kazi ya Bose, mwanafizikia Mhindi, ya 1924. Nikajiambia poza, endelea kupoza, itatokea tu.

Sivyo. Chukua gesi bapa, isiyo na kina, uitandaze sawasawa kama sinia. Ipoze utakavyo, maadamu hujafika sifuri halisi, ule mwisho wa baridi, kondenseti haitokei. Sasa pinda hiyo sinia iwe karai, yaani mtego unaoshika atomi uziteremshe katikati, gesi ni ile ile, atomi zisizosukumana, na ghafla kuna joto, liite la mpaka, ambapo inatokea! Nilirudia hesabu mara tatu. Sababu ni nafasi za nishati ndogo: kwa sinia ziko nyingi mno huko chini, atomi hazikosi pa kukaa, lakini kwa karai ni chache, zikijaa basi zilizobaki hazina pengine isipokuwa ngazi ya chini kabisa, na kurundikana hapo ndiyo kondenseti yenyewe.

Hata kwa gesi ya pande tatu, yenye kina, umbo la mtego linasema. Ukifika nusu ya joto la mpaka, kwa sanduku lenye kuta wima ni kama 65% ya atomi zimeingia kwa kondenseti, kwa karai ni karibu 88%.

Lakini iliyonigusa kabisa ni ya kikundi cha Wolfgang Ketterle pale chuo cha MIT, Marekani, 1998. Walikuwa na gesi ya sodiamu iliyokaribia mpaka bila kuuvuka, wakaelekeza leza katikati ya mtego ikachimba kishimo kidogo, na kondenseti ikatokea humo bila gesi kupozwa zaidi, kwa sababu atomi zilibanana pale shimoni huku zile nyingi za nje zikishikilia joto lisipande sana. Wakitoa leza inapotea, wakirudisha inarudi, tena na tena.

Nikamwambia mathe. Akashika leso pembe mbili, ndugu yangu mdogo mbili, tukamwaga maharagwe juu, nikabonyeza katikati na mwiko. Yakateremka yote. Nikatoa mwiko, leso ikanyooka, yenyewe yakabaki yamerundikana pale pale.

"Na hizo atomi za wazungu zilirudi aje, mum?" mathe akaniuliza.

Kabla nijibu akatikisa leso kidogo, polepole, na maharagwe yakaanza kutawanyika.